Si Ujinga Kutetemeka Jua Linapopatwa

Imekuwa desturi katika nchi yetu, kila jua linapopatwa, kuwagawa watu mafungu mawili: fungu la wenye elimu, ambao huvaa miwani maalumu, hutazama saa zao, hutaja kadiri ya sehemu iliyofunikwa, kisha hurudi kazini, na fungu la wasio na elimu, ambao hushtuka, hupaza sauti, huomba dua au hutokwa na machozi. Hukumu itolewayo juu ya mafungu haya haina rufani, kwani la kwanza husifiwa kwa akili yake, na la pili husamehewa kwa unyonge wake. Husemwa kwamba fadhaa ya namna hiyo ni masalio ya zama zilizopita. Kwamba mwezi ukipita kati ya dunia na jua, jambo ambalo hata sekunde zake zimekwisha kuhesabiwa miaka mingi kabla, hakuna tena sababu ya moyo wa mtu kwenda mbio. Na kwamba siku ilmu ya falaki itakapoenea hadi vijiji vya mwisho vya Kalambo na Nkasi, watu watalitazama jua likifunikwa kwa utulivu ule ule wanaotazamia saa ya ukutani. Makala haya yanakusudia kuipinga rai hiyo tangu shina lake hadi matawi yake, kwa hoja na kwa ushahidi, bila kumtukana yeyote anayeishikilia.

Rai hii hutuelemea zaidi sisi tukaao juu ya uwanda wa Ufipa, kwa sababu jina la Sumbawanga limekwisha kufanywa mzaha wa uchawi katika kila basi na kila baraza. Mfipa akitaja kwao mbele ya wageni mjini Dar es Salaam, aghalabu huulizwa kama alikuja kwa ungo; na ingawa mwulizaji hucheka na mwulizwa hucheka naye kwa adabu, dhihaka ile huacha alama. Hivyo mtu wa mahali pengine akistaajabu mbele ya kupatwa kwa jua, husemwa ameguswa na adhama ya maumbile. Mfipa akistaajabu, husemwa ya kwao yamempanda. Tendo ni moja, hukumu ni mbili, na tofauti ya hukumu imetoka katika kabila la mtendaji. Mizani ya namna hiyo haifai kupimia hata chumvi.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Tarehe 1 Septemba 2016 kivuli cha mwezi kilitoka Bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na nchi zote mbili za Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikaingia Tanzania kwa upande wa kusini-magharibi, kikaendelea hadi Msumbiji, Madagaska na kisiwa cha Réunion. Mwezi siku ile ulikuwa mbali na dunia kiasi cha kutoweza kulifunika jua lote, kwa hiyo waliokuwa katikati ya njia ya kivuli waliona pete ya moto kwa muda wa dakika tatu hivi. Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, ilipokea wageni wengi, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuwaelimisha wananchi kabla ya siku yenyewe. Sisi wa Ufipa tulikuwa pembeni mwa njia ile. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uso wa jua zilifunikwa, na hizo zilitosha.

Nilikuwa Msanzi. Ilikuwa kabla kidogo ya saa sita za mchana, ukavu wa kiangazi umekaza ardhi na moshi wa mbuga zilizochomwa umetanda upande wa bondeni, nuru ilipoanza kupungua bila kuwa jioni: vivuli vilikuwa vifupi kama vya adhuhuri, ilhali rangi ya vitu ilikuwa ya saa nyingine isiyojulikana. Chini ya mkaratusi mmoja mwanamke mwuza dagaa alikuwa ametandaza bidhaa yake juu ya turubai, na juu ya turubai ile, katika kila upenyo ulioachwa na majani, palikuwa na vijimwezi vya nuru, mamia kwa mamia, vyote vimeelekeza pembe zao upande mmoja. Yeye aliviona kabla ya mtu mwingine. Akanyosha mkono, kijimwezi kimoja kikamkaa kiganjani. Akaugeuza mkono, kikabaki juu ya mgongo wa mkono. Alijifanyia ishara ya msalaba, na macho yakamlenga machozi. Kijana aliyekuwa karibu, mhitimu wa kidato cha nne, alicheka akamwambia, "Mama, huo ni mwezi tu umepita katikati, mbona unalia?" Yule mama akamjibu pasipo kumtazama, "Mwanangu, mimi sijauliza ni nini."

Jibu hilo ni hoja kamili, na wapinzani wetu wangalilitafakari wangalijiepusha na taabu nyingi. Kijana alidhani kwamba machozi ni swali, akatoa jibu la darasani. Kumbe machozi hayakuwa swali. Mama hakudai kwamba jua limemezwa na nyoka, wala kwamba jirani yake amelifunga, wala kwamba mwisho wa dunia umewadia. Hakudai chochote. Alikuwa mbele ya kitu kikubwa na kizuri na cha kutisha kwa wakati mmoja, na mwili wake ukatoa heshima iliyostahili. Hapo ndipo kosa la msingi la rai tunayoipinga linapoonekana dhahiri: inachanganya hisia na maelezo, ikadhani kwamba mtu aonyeshaye hisia anatoa maelezo mabovu, na kwamba ukimpa maelezo mazuri hisia itakoma. Fauka ya hayo, kama kijana yule angeulizwa kwa nini nuru ipitayo katika upenyo wa majani, ambao hauna umbo la mwezi, hutua chini ikiwa na umbo la mwezi, mantiki yake ingeishia pale pale. Na swali hilo ndilo lililomshughulisha Ibn al-Haytham yapata miaka elfu moja iliyopita, hata akaandika risala nzima juu ya sura ya jua lililopatwa kama inavyopenya katika tundu dogo. Mwuza dagaa wa Msanzi alikuwa ameweka kiganja chake juu ya somo lile lile ambalo mwanachuoni yule alilitungia kitabu.

Kama hisia ingekuwa mtoto wa ujinga, basi wajuzi wakubwa wangelitazama jua likipatwa kwa macho makavu kuliko watu wote. Ushahidi unasema kinyume. Francis Baily, mwanafalaki wa Kiingereza ambaye jina lake limepewa shanga za nuru zionekanazo ukingoni mwa mwezi katika saa ile, alisafiri hadi Pavia, nchini Italia, ili kutazama kupatwa kamili kwa tarehe 8 Julai 1842. Alikuwa na darubini, alikuwa na saa, na kila dakika ya shughuli yake ilikuwa imepangwa. Giza lilipotua, umati uliokuwa mitaani chini yake ulipaza sauti za shangwe, naye mwenyewe akakiri katika maandishi yake kwamba alipatwa na mshtuko mkubwa kwa adhama ya yale aliyoyaona. Hakuna awezaye kusema kwamba Baily hakujua mwezi umepita katikati. Alijua kuliko umati wote uliokuwa mitaani, na bado moyo wake ulifanya kama ulivyofanya wao.

Wapinzani watatutajia Arthur Eddington, na sisi twamkaribisha. Tarehe 29 Mei 1919, kisiwani Príncipe, alipiga picha za nyota zilizo karibu na jua ili kuijaribu nadharia ya Einstein, na alieleza baadaye kwamba hakuliona tukio lenyewe, kwa kuwa alikuwa akibadilisha sahani za picha muda wote, isipokuwa kwa kutupa jicho mara mbili tu: mara moja kuhakikisha kwamba kumeanza, na mara ya pili kupima wingi wa mawingu. Watu husimulia habari hii kana kwamba Eddington alijinyima kwa sababu mtu wa elimu hana haja ya kutazama. Hakujinyima, alilipa, na alicholipa ni zaidi ya dakika tano za mandhari ambayo wengi hufa bila kuiona. Kivuli kile kile, baada ya kumwacha Príncipe, kiliingia bara, kikapita Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika letu. Vitabu viisifuvyo siku ile hutaja Príncipe na Sobral ya Brazili. Watu wa mwambao wa Tanganyika, ambao hawakuwa na sahani ya kubadilisha na kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kutazama aliyoikosa profesa, hawamo katika masimulizi hayo. Waliohesabiwa kuwa mashahidi ni wale waliokuwa wameinama juu ya vyombo. Waliokuwa wameinua nyuso hawakuhesabiwa.

Na tuulize swali jingine, ambalo wapinzani wetu hawapendi kuliuliza: ilmu hii ya kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi ilizaliwa na nani? Haikuzaliwa na watu wasiojali. Wanajimu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, waliandika habari za mbingu juu ya vibao vya udongo karne baada ya karne, kwa sababu waliamini kwamba kupatwa ni onyo juu ya maisha ya mfalme; na hatari ilipokaribia walimvisha mtu mwingine mavazi ya kifalme na kumketisha kitini ili balaa limshukie yeye. Imani hiyo ilikuwa batili na matokeo yake yalikuwa dhuluma. Walakini ndani ya daftari zile zilizoandikwa kwa hofu ndimo ilimochipuka hesabu ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, ambayo baada yake kupatwa hujirudia kwa sura inayofanana. Kwa hesabu hiyo, kupatwa tulikokuona tarehe 1 Septemba 2016 kulitanguliwa katika ukoo wake na kule kwa tarehe 22 Agosti 1998, kulikopita Malaysia na Indonesia, na kutafuatwa na kwingine tarehe 12 Septemba 2034, huko Amerika ya Kusini. Zile saa 8 zinazozidi ndizo zinazoifanya dunia iwe imezunguka theluthi ya mzunguko wake, ndiyo maana kivuli hakirudi kwa watu wale wale. Mtu asiyetetemeka hahesabu. Aliyetetemeka akataka kujua itarudi lini, huyo ndiye aliyetupatia kalenda.

Watu wa Ufipa hawakuhitaji kwenda Babeli kujifunza kwamba ujuzi na kicho vyaweza kukaa nyumba moja. Wazee wetu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, ambazo mabaki yake yangali yakisimama katika sehemu mbalimbali za uwanda huu. Na walipozijenga, waliweka dawa chini ya msingi, wakashika miiko, wakaimba. Mtu wa dhihaka ataona dawa na miiko pekee. Lakini chuma kilitoka, na kilitoka kwa sababu walijua udongo upi una madini, makaa ya mti upi hukaza moto, na matundu mangapi ya hewa yanatosha tanuru bila kuvukutwa kwa mifuo. Kicho hakikuwazuia kupima. Kiliwafanya wapime kwa uangalifu, kama wapimavyo watu wanaojua kwamba kazi iliyo mbele yao ni kubwa kuliko wao.

Yatosha kuonyesha kwamba hisia si mtoto wa ujinga. Yabaki hoja nzito zaidi ya wapinzani wetu, nayo twapaswa kuipa haki yake: kwamba hata kama hofu haitokani na ujinga, huzaa madhara. Mfano wao ni wa kweli na ni wa karibu. Usiku wa tarehe 9 Januari 2001 mwezi ulipatwa, na katika mji wa Maiduguri, kaskazini mwa Nigeria, vijana waliingia mitaani wakachoma mabaa na nyumba nyingine, wakisema kwamba maovu yafanywayo humo ndiyo yaliyoleta giza lile. Nani atatetea hayo? Si sisi. Lakini tulichambue tendo lile kwa insafu. Hofu peke yake haikuwasha kiberiti. Palikuwa na hatua ya pili baada ya hofu, nayo ni kumtafuta mwenye hatia; na hatua hiyo haikutoka mbinguni, ilitoka katika chuki zilizokuwapo mjini kabla mwezi haujapatwa. Mshtuko ni wa watu wote. Shutuma ni ya wachache wenye kisa chao. Mwenye kupiga vita mshtuko ili kuzuia shutuma amemwacha mwizi akamkamata mwenye nyumba.

Tofauti hii haikubuniwa na mwandishi huyu. Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad, alipofariki mjini Madina, jua lilipatwa siku ile ile, ambayo wanafalaki wameihesabu kuwa tarehe 27 Januari 632, na watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Palikuwa na baba mwenye huzuni na umma uliokuwa tayari kuamini. Tafsiri ile ingaliweza kupita bila mpinzani. Yeye aliikanusha mbele ya watu wote, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Kisha, badala ya kuwaambia warudi majumbani kwa kuwa hakuna la kushangaza, aliwaongoza katika sala ndefu ya rakaa mbili, kila rakaa ikiwa na rukuu mbili, ambayo Waislamu wa mwambao wetu huisali hata leo kwa jina la sala ya kusufi. Tafsiri ya uongo iliondolewa, na kicho kikapewa mahali pake. Mambo mawili yalitenganishwa katika saa moja, miaka karibu 1,400 iliyopita, na sisi bado twayachanganya katika magazeti.

Kadhalika Wakristo, ambao ni wengi sana huku Ufipa, hukumbuka kila Ijumaa Kuu giza la adhuhuri, na huenda ndilo lililoupeleka mkono wa yule mama kwenye paji la uso wake. Wanachuoni wa Kikristo wa karne za mwanzo walikwisha kuona kwamba giza lile halikuweza kuwa kupatwa kwa jua kwa njia ya kawaida, kwa kuwa Pasaka ya Wayahudi huwa siku za mwezi mpevu, na jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapokuwa mwandamo. Walijua hesabu hiyo na wakaendelea kupiga magoti. Hawakuona kwamba moja lazima limfukuze mwenzake.

Tena ipo hoja ya mwili, ambayo haihitaji kitabu wala msahafu. Joto hushuka, upepo hugeuka, nuru hubadili rangi katika saa isiyo yake, na kila kiumbe chenye damu hupokea habari hizo kabla akili haijaitwa. Tarehe 21 Agosti 2017, katika bustani ya wanyama ya Riverbanks, mjini Columbia katika jimbo la South Carolina, Marekani, watafiti waliwatazama wanyama wa aina 17 wakati wa kupatwa kamili, na aina kama robo tatu walibadili mwenendo wao. Baadhi ya twiga wakaanza kukimbia. Twiga hana ushirikina wala hakukosa shule. Mwili wa mwanadamu nao umelelewa chini ya jua lile lile, na kuuamuru usitambue kwamba jua linaondoka mchana ni kuuamuru uwe bubu.

Na tukija kwa watu wa nchi hiyo hiyo, ambao hakuna gazeti letu linalowaita washamba, tutaona nini? Mwaka 2017 na tena tarehe 8 Aprili 2024 walifunga barabara kwa magari, walipiga mayowe, walikumbatiana na wasiowajua, walilia hadharani. Mjini Russellville, Arkansas, mamia ya wachumba walifunga ndoa pamoja siku ile ya 2024. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichunguza maandishi ya watumiaji karibu milioni 2.9 wa Twitter wakati wa kupatwa kwa mwaka 2017, wakaona kwamba waliokuwa katika njia ya kivuli walionyesha zaidi taadhima na unyenyekevu, na walijitaja zaidi kwa wingi, "sisi", kuliko kwa umoja, "mimi". Basi machozi ya tajiri aliyelipa nauli ya ndege huitwa kuguswa na ulimwengu, na machozi ya mwuza dagaa aliyefuatwa na kivuli mpaka kwenye turubai yake huitwa ushamba. Aelezaye kwa haki tofauti ya machozi hayo mawili, pasipo kutaja fedha wala mahali, atakuwa ametushinda.

Mambo haya yana matumizi ya karibu. Tarehe 21 Mei 2031 pete ya moto itapita tena katika Tanzania, ikitokea Angola, Zambia na Kongo, kisha ivuke bahari kuelekea kusini mwa Bara Hindi. Walimu wa shule zetu wana muda wa kutosha kujiandaa, na maandalizi yenyewe hayana gharama kubwa: wafundishe kwamba pete ya moto, hata ikiwa nyembamba, huunguza jicho bila kuumiza, kwa hiyo miwani maalumu haivuliwi hata sekunde moja, wakataze kioo kilichopakwa masizi, filamu ya eksirei na ndoo ya maji, watoboe boksi au wainue chujio la chai, ili kila mtoto aone vijimwezi vya nuru chini bila kulitazama jua. Wawaambie wazazi kwamba mtoto hafungiwi ndani, na mjamzito hana adui angani. Hayo yote ni elimu, na sisi twayadai kwa sauti kubwa kuliko wapinzani wetu. Lakini kilele kitakapofika, mwalimu na anyamaze. Asitaje asilimia, asiwacheke wanaopiga kelele, asimwulize mtoto anayelia kama hakuelewa somo. Mtoto aliyefundishwa kuona haya kwa kushtuka atajifunza upesi kuona haya kwa kuuliza, na darasa la watoto wasiouliza halijapata kumtoa mwanafalaki popote duniani.

Kwa hiyo mzigo wa ushahidi tunaurudisha kwa wenyewe. Anayeshikilia kwamba machozi mbele ya jua lililopatwa ni alama ya ujinga, na atuonyeshe mjuzi aliyesimama ndani ya kivuli cha mwezi akaona fahari kwa kutohisi lolote. Atueleze kwa nini wahesabuji wa kwanza wa mbingu walikuwa ndio waliohofu. Na atuambie ni madhara gani yaliyowahi kutendwa na mshtuko pekee, kabla ya mtu fulani kuinuka na kumnyoshea kidole jirani yake. Akiweza, tutamsikiliza kwa adabu hapa hapa Ufipa. Asipoweza, na aache kucheka, avae miwani yake, aje asimame pamoja nasi.